Trekta Lililoingia Kinyumenyume

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya mashine ya kusaga,
Jumapili, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu kwanza, ya trekta baadaye. Ukiruka mistari nitajua, maana utanipigia simu kuuliza jambo ambalo limo humu.

Hujambo? Kikohozi kilichokushika mlipobadilishiwa zamu kimeisha? Na yule mwenzako wa chumba anayekaanga vitunguu alfajiri, bado mnaelewana? Sisi huku hatujambo. Baba ana afya. Masikio yake yameanza kuchagua nani wa kumsikia, ila macho hayana neno. Wifi yako aling'olewa lile jino na sasa anakula upande wowote autakao. Mvua zimeanza, zinanyesha kwa adabu, na ardhi imelainika bila kuwa tope. Mimi nina miwani mipya na mgongo uleule.

Sasa trekta. Limenunuliwa na limeshafika. Halina kibanda cha kumkinga dereva.

Najua fedha uliyotuma ilikuwa ya kibanda cha vioo, na ulisema hivyo mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya juu kidogo. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia: nataka uyapate kwa mpangilio, kabla Honi hajakupa habari yake iliyotiwa chumvi. Huyo mtoto wa mjomba bado hajabadilika. Hawezi kupita mlango wa mtu bila kupiga honi, hata akiwa kwa miguu.

Lile trekta la zamani lilikufa katikati ya shamba la seremala, msimu wa kiangazi. Mdogo wetu Msumari alishuka, akafungua boneti, akatazama, akaifunga tena bila kugusa kitu. Alirudi nyumbani amebeba mto wa kiti kwapani, na sote tukaelewa. Unajua mdogo wetu halimi la Baba peke yake. Hulimia nusu ya majirani, na humo ndimo wanamokula yeye, wifi yako na watoto. Mvua zingemkuta hana trekta, wateja wangehamia kwa mwingine, na mteja akishahama hurudi kwa salamu tu.

Basi tukaenda kwenye ghala la matrekta kuchagua, mimi, Baba na Msumari. Muuzaji tulimwita Bwana Tai, kwa kuwa hata alipokuja shambani baadaye, kwenye matope, tai ya shingoni alikuwa nayo. Si mtu mbaya. Anapenda tu kuuza kikubwa. Alianza kwa kutuonyesha dubwana ambalo lingebidi tubomoe geti ili liingie. Tukamwambia miti yetu ya matunda ipo kwa mistari na trekta lazima lipite katikati bila kuivua magome. Tukashuka hadi la nguvu ya farasi hamsini na tano. Baba aliuliza farasi hao wanakula nini. Aliambiwa dizeli. Akasema ng'ombe wake walikula nyasi, na nyasi hazijawahi kupanda bei.

Kisha ukaja mlolongo wa vya kuongezea, na hapo ndipo watu huibiwa huku wakishukuru. Magurudumu yote manne yavute au mawili tu? Manne, kwa sababu ya lile shamba la bondeni. Vyuma vya uzito mbele? Ndiyo, la sivyo plau ikinyanyuliwa, pua nayo inainuka. Beleshi la mbele la kuzolea mchanga? Hapana, tuna mikono. Maji ndani ya matairi ya nyuma, ili lishike ardhi? Baba akauliza kama tunanunua trekta au pipa, lakini alipoelezwa akakubali. Kibanda cha vioo? Ndiyo, dada yetu amekitolea.

Kitu kimoja Bwana Tai alikigusa na kukiacha haraka, kwa sababu hakuwa na matumaini nasi. Ni kijiti kifupi kando ya usukani. Ukikisukuma, trekta linakwenda mbele. Ukikivuta, linarudi nyuma. Klachi hukanyagi isipokuwa wakati wa kuanza na wa kubadilisha gia. Bei yake inakaribiana na ya kibanda. Nilimwona Msumari akikishika kile kijiti, akakisukuma, akakivuta, akakirudisha katikati. Halafu akasema tuendelee. Nikaendelea, sikufikiri chochote.

Benki hawakutusumbua sana. Wao watoe robo tatu ya bei, sisi robo iliyobaki, na mchango wako umeingia humo. Bwana Tai alikuwa na mkopo wake mwenyewe, wa haraka, usiodai wadhamini, ila ulitaka malipo kila mwezi, na shamba halina mshahara wa kila mwezi. Wa benki unalipwa mara mbili kwa mwaka, baada ya kulima na baada ya kuvuna. Kadi ya trekta itakaa kwao hadi tumalize. Hati ya shamba haikuguswa. Niliuliza jambo hilo kwa njia tatu tofauti, na yule mama wa benki alinijibu mara zote tatu bila kukunja uso. Walituwekea kikomo, hata hivyo. Kibanda na kijiti kwa pamoja vilikuwa juu ya kikomo hicho. Kimoja au kingine.

Tulipokuwa tunaondoka, yule mama akauliza nani atakuwa dereva, maana bima inataka jina. Nilishafungua mdomo kulitaja jina la Msumari. Yeye akanitangulia.

“Ataendesha binamu yetu,” akasema.

Njiani nilimuuliza kwa nini Honi. Akasema Honi ni kijana na ana leseni. Ni kweli ana leseni. Pia ana ukuta wa jirani alioulaza. Nilimwambia hivyo, akacheka, akabadilisha mazungumzo. Unamjua Msumari: akishazama hang'oki, ndiyo sababu tulimpa jina hilo.

Baba ndiye aliyefumbua jambo. Alisema hajawahi kununua mnyama wa kazi bila kumwona akifanya kazi, na hataanza uzeeni. Bwana Tai alipinga kidogo, kisha akaleta trekta la majaribio, la aina ileile lakini lisilo na kile kijiti, na plau nyuma yake. Baba alichagua bondeni, pale penye unyevu, kama alivyokuwa akiwapeleka ng'ombe wageni. Alileta kiti chake, akakiweka kwenye tuta, akakaa.

Honi alianza. Alikwenda kasi, akageuza kwa mbwembwe, akapiga honi alipofika mwisho. Mistari yake ilikuwa kama imeandikwa na mtu anayecheka. Kisha akapanda Msumari. Mistari ilinyooka. Lakini pale ni padogo, na kila mwisho wa mstari inabidi usimame, urudi nyuma, ujipange upya. Mwisho wa kwanza, sawa. Mwisho wa pili, trekta liliruka kama lililochomwa sindano, likazima. Honi akapaza sauti kutoka kwenye tuta:

“Kaka, hiyo klachi unaikanyaga au unaibembeleza?”

“Naifundisha adabu,” Msumari akajibu, akaliwasha tena.

Watu walicheka, na Bwana Tai akacheka kidogo kwa ajili ya biashara. Baba hakucheka. Mwisho wa tatu nilitazama alikokuwa anatazama yeye. Msumari alikuwa ameachia usukani kwa mkono wa kushoto, ameuweka juu ya paja, na anausukuma mguu chini kwa kiganja ili klachi izame. Mguu ni ule ulioumia alipoanguka kutoka kwenye tela la matofali, mwaka juzi. Tulikuandikia kwamba amepona. Hivyo ndivyo alivyotuambia.

Baba alinyanyuka, akakunja kiti chake. “Trekta ni zuri,” akaniambia. “Mtu ndiye mgonjwa.” Halafu akanieleza, tukiwa tunapanda kilima taratibu, kwamba siku ya kujaribu ng'ombe yeye hakuwa akimtazama ng'ombe. Ng'ombe mbaya huonekana hata na mpita njia. Alikuwa akimtazama aliyeshika jembe.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo pengine Honi alishakusimulia kama kichekesho. Tangu mwaka juzi Msumari alikuwa halimi kwa kwenda na kurudi. Alikuwa analima kwa kuzunguka: anaanza pembeni, anazungusha shamba zima, anaingia ndani kidogo kidogo hadi katikati. Majirani waliuita mtindo wa konokono. Walidhani ni elimu mpya. Mmoja alisema amesikia unazuia mmomonyoko. Msimu uliopita wateja walikuwa wanauomba kwa jina, na mkulima mwingine wa ng'ambo ya mto akauiga, akaharibu shamba la watu. Msumari hakumsahihisha mtu. Ukilima kwa kuzunguka, hurudi nyuma hata mara moja, na klachi huigusi mpaka jioni.

Nilimuuliza wifi yako. Alikuwa uani anaanika nguo, na aliendelea kuanika. Alisema, shemeji, miaka miwili sasa, akishuka kwenye trekta anakaa kwanza kwenye ngazi ndipo asimame. Usiku anafunga goti kwa kitambaa cha moto. Mumewe alimkataza kusema, kwa sababu Baba angemwachisha kazi, na dada angetuma fedha ya hospitali asiyokuwa nayo. Hospitali, kumbe, alishakwenda. Walimwambia goti limefika pale litakapofika: litatembea, litapanda ngazi, lakini lisipewe kazi ya kusukuma kitu kizito kutwa nzima. Nilimuuliza mpango wao ulikuwa nini. Akabana shuka kwa vibanio viwili kabla ya kujibu. Honi aendeshe, mume wake awe anakwenda naye kumwonyesha mipaka ya mashamba.

“Na baadaye?” nikauliza.

“Baadaye Honi ataijua mipaka,” akasema.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari, mdogo wangu, nalisema wazi ili usidhani tulibishana juu ya vioo. Tulikuwa tunakopa kwa miaka minne ili kumnunulia Msumari trekta ambalo Msumari hangeweza kuliendesha.

Alasiri ile Baba alimwita barazani. Mimi nilikuwepo. Tulikuwa tunachambua maharage, kazi nzuri kwa maongezi magumu kwa sababu kila mtu ana pa kutazama.

“Goti?” Baba akauliza.

“Goti lipo.”

“Najua lipo. Nauliza kama linafanya kazi.”

Msumari alichambua kiganja kizima kabla ya kujibu. “Kutembea, linatembea. Klachi ndiyo hailitaki.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema ghalani, wakati kile kijiti alikishika kwa mkono wake. Akasema wewe ulitoa fedha ya kibanda kwa sababu ya kifua chake na vumbi. “Dada ananihurumia kifua, halafu mimi nimwambie na goti? Ataniona gari bovu.” Baba akasema kwamba alikubali kibanda kwa sababu alidhani Msumari anakitaka. Nami nilikubali kwa sababu wewe ulikitaka. Tulikuwa watu wanne tunanunua kitu kwa heshima ya wenzetu, na hakuna aliyekihitaji kuliko kile kijiti.

Nilikupigia simu jioni hiyo na asubuhi yake. Ulikuwa zamu, na najua simu zenu hufungiwa kabatini. Bwana Tai alikuwa na trekta moja tu lenye kijiti, na alisema kuna mtu mwingine ameliulizia. Wauzaji wakisema hivyo huwa siwaamini, lakini mawingu niliyaona mwenyewe. Nilimuuliza swali moja: kipi kati ya hivyo viwili kinaweza kuongezwa baadaye? Akasema kibanda hufungwa kwa bolti wakati wowote. Kijiti, trekta hutoka nacho kiwandani, au halitoki nacho kabisa. Nikamwambia aandike la kijiti, na juu yake kiwe kivuli cha bati tu.

Niliyeamua ni mimi. Usimlaumu Baba, na Msumari usimlaumu kabisa, maana hadi siku ya kusaini alikuwa anasema tukusubiri. Ukiona tumeitumia fedha yako isivyo, sema. Nitakurudishia kwa mafungu.

Kwa upande wa bima, Msumari ni dereva wa kwanza na Honi wa pili. Honi alinuna kwa kiasi, kisha akaja kuuliza kama tela atavuta yeye. Atavuta. Tulikubaliana pia kuhusu honi yenyewe, kwamba ni ya dharura, na akataka kujua dharura inaanzia wapi.

Sasa nikumalizie na siku lilipofika. Lori lililishusha barabarani, mbele ya mashine ya kusaga, na wateja wote wakatoka kutazama wakiwa weupe kwa unga. Unakumbuka mazoea ya Baba na ng'ombe wapya. Mnyama wa kazi lazima aingie zizini kinyumenyume, aingie akiangalia kazi. Ulikuwa mdogo, lakini naamini unamkumbuka yule fahali mwekundu aliyesukumwa na watu watano hadi jua likazama, na majirani wakileta viti. Baba alisimama kwenye geti akasema hata hili.

Kutoka barabarani hadi getini ni mlima, unajua, na nguzo za geti zimebana. Honi akavua koti. “Kaka, lete ufunguo. Hapa siyo mchezo wa mtu mwenye haraka.” Hiyo ni kauli ya Honi, niliiandika ili isipotee.

Msumari aliutia ufunguo mfukoni. Alipanda kwa kutanguliza mguu wa kulia, akajivuta kwa mikono, akakaa. Aliliwasha. Akakanyaga klachi mara moja, ya kuanzia, na akakanyaga kwa mguu bila kuusaidia kwa mkono. Kisha akauondoa ule mguu, akaulaza sakafuni, akageuza shingo nyuma na kukivuta kile kijiti.

Trekta likaanza kupanda kinyumenyume. Katikati ya mlima, gurudumu la nyuma lilielekea kwenye nguzo. Akasukuma kijiti, likashuka kidogo. Akakivuta, likapanda. Akafanya hivyo tena, na tena, akilipanga upana wa kidole kwa kidole. Honi alikuwa akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba. Baba alikuwa anatazama shingo ya Msumari. Watu wa mashine walikuwa wanatazama matairi. Mimi nilikuwa natazama mguu wa kushoto, kwa sababu fedha yako ilikuwa hapo.

Haukusogea.

Lilipoingia lote, Msumari alilizima. Alikaa kidogo juu pale, akashuka, akasimama. Kwenye ngazi hakukaa. Baba alifunga geti, akasema chai itakuwa tayari.

Kesho yake Msumari alikwenda kumalizia shamba la seremala. Alilima kwa kwenda na kurudi, mstari kwa mstari, umenyooka kama uzi. Jioni seremala akaja kwa Baba kulalamika. Anasema yeye ni mteja wa siku nyingi, kwa nini amelimiwa kizamani? Wenzake wote wana konokono. Baba alimwambia kwamba elimu imebadilika tena.

Vumbi bado lipo, sikufichi. Wifi yako amemshonea kitambaa cha kufunga pua na mdomo kutokana na shuka la maua, na Honi anakiita kibanda. Msumari anakivaa. Anasema tukimaliza deni, na wewe ukiwa bado una moyo, kile cha vioo kitafungwa kwa bolti.

Baba anakusalimu na anauliza kama huko mnalala mchana, maana haamini. Wifi yako anakusalimu na kusema kitenge ulichotuma kilitosha magauni mawili. Watoto wake wanakusalimu, yule mkubwa anataka kujua kama umeona trekta kubwa kuliko letu. Ukimjibu, mjibu kwa huruma. Mjomba, mama wa mashine ya kusaga na Honi, wote wanakusalimu. Msumari anakusalimu mwisho kwa sababu nilimkuta shambani. Nilimuuliza nikuandikie nini. Akafikiri mpaka mwisho wa mstari, akageuza, akarudi, ndipo akasema: mwambie dada kifua hakijambo, na goti halina kazi.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi usiokatizwa na vitunguu vya mtu.

Ni mimi nikupendaye, kwa vioo au bila vioo,

Kaka yako mkubwa.